Betri imekufa mara ya tatu, na safari hii ufunguo nilikuwa nao mfukoni

Zamu_ya_Usiku

Habari zenu wakuu. Naandika nikiwa nimechoka na nina hasira kidogo, lakini naomba mnivumilie nieleze yote. Nikifupisha mtaniambia "zima swichi", na hilo nalijua.

Mimi ni muuguzi. Zamu zangu ni za saa 12, nyingi za usiku. Natembelea pikipiki ya cc 150, ya kabureta, ina stata na ina kiki. Betri ni ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachotunza), ile iliyozibwa isiyoongezwa maji. Taa kubwa ina swichi yake kwenye usukani na mchana huwa naizima. Pikipiki nailaza ndani ya uzio wa wafanyakazi, kwa hiyo wizi si hofu yangu kubwa. Katika miezi minne betri imelala mara tatu.

Mara ya kwanza nilifika saa 12 na dakika 50 jioni, mwanga bado upo. Nilizima injini kwa ile swichi nyekundu ya mkono wa kulia kama nilivyozoea, nikashusha stendi, nikashika mkoba, nikakimbia kupokea zamu. Ufunguo ukabaki kwenye ON usiku kucha. Asubuhi nikabonyeza stata: tik, tik, halafu kimya. Nikapiga kiki mpaka goti likauma. Haikushika.

Mara ya pili ilikuwa mvua. Nilisimama nikiwa gia ya kwanza, nikashusha stendi ya pembeni na injini ikajizima yenyewe. Taa ya kijani ya N (nyutro) haikuwaka kwa kuwa nilikuwa kwenye gia, hakukuwa na sauti, hakukuwa na mwanga wowote mbele yangu. Akili ikasema imezimwa. Haikuwa imezimwa. Asubuhi yake mwanangu alikuwa ananisubiri nimpeleke kwenye mtihani, akafika umeshaanza. Hilo bado linaniuma.

Baada ya hapo mwenzangu mmoja kazini akanishauri nifunge usukani kila ninapoilaza, kwa sababu huwezi kufunga usukani na ufunguo ukiwa ON. Nikaona ni ushauri mzuri. Wiki sita nzima nimefunga usukani, nimechomoa ufunguo, hakuna tatizo.

Juzi natoka zamu, usukani umefungwa, ufunguo umo mfukoni mwa koti langu, umelala humo tangu jana yake jioni. Betri imekufa kabisa. Mita ikasoma volti 10.9. Fundi aliyekuja kunisaidia alisema betri imechoka, ninunue nyingine. Labda ni kweli, lakini siku tatu kabla ilikuwa inapiga stata mara moja tu inawaka.

Maswali yangu ni mawili. Inawezekanaje betri iishe ufunguo ukiwa mfukoni? Na nifanye nini jambo hili lisirudi, nikijua kwamba mimi ni mtu ninayefika kwa haraka na kuondoka nikiwa nimesimama usiku kucha? Sitaki jibu la "uwe makini". Umakini wangu naumalizia wodini.

fundi_waya

Pole sana dada. Usinunue betri bado.

Chukua tochi, nenda ukasome maandishi yaliyozunguka tundu la ufunguo. Utaona OFF, ON na LOCK, hizo unazijua. Tazama kama baada ya LOCK, ukizidi kuzungusha upande uleule, kuna herufi P au alama ya taa ndogo. Kama ipo, nadhani mwizi wa betri yako ni huyo.

P ni nafasi ya kuegesha barabarani usiku. Usukani unabaki umefungwa, ufunguo unachomoka kama kawaida, lakini taa ya nyuma na kile kitaa kidogo cha mbele vinabaki vimewaka ili magari yaione pikipiki. Waliobuni walikuwa na nia njema. Ila mtu anayezungusha ufunguo kwa haraka anapita LOCK bila kuhisi, anachomoa, anaondoka na amani moyoni.

Piga hesabu. Balbu ya nyuma wati 5, ya mbele wati 5, jumla 10. Gawanya kwa volti 12 unapata ampea 0.8 hivi. Zidisha kwa saa zako 12, ni karibu Ah 10. Betri yako ina 7. Imeisha kabla hujamaliza zamu.

Zile mara mbili za kwanza ni hadithi tofauti. Swichi nyekundu na stendi ya pembeni zinakata moto wa plagi tu. Hazikati umeme wa pikipiki. CDI (kisanduku kinachotengeneza cheche ya plagi), mshale wa mafuta, balbu ya N na vingine vyote vinaendelea kunywa. Yangu niliipima ufunguo ukiwa ON, taa kubwa imezimwa: ampea 0.4. Unaiona ndogo, lakini kwa saa 12 ni karibu Ah 5, na kinachobaki hakitoshi kuzungusha stata, ambayo inadai makumi ya ampea kwa mkupuo. Ungesahau na taa kubwa ya wati 35 imewaka, hata saa mbili betri isingefika.

Kuhusu kiki: CDI ya pikipiki yako bila shaka inakula umeme wa betri. Kuna nyingine zinapata umeme wao moja kwa moja kwenye koili za injini, hizo zinawaka kwa kiki hata betri ukiitoa. Yako betri ikifika chini kabisa, hata ukipiga kiki mara mia ni kujichosha.

Nenda na tochi, halafu urudi utuambie.

Zamu_ya_Usiku

Nimetoka nje sasa hivi. P ipo.

Ilikuwa imejaa vumbi na tope kavu, nimeifuta kwa kidole cha mate ndipo ikaonekana. Miaka miwili na nusu naendesha hii pikipiki sijawahi kuiona. Nimejaribu kuzungusha polepole: LOCK inashika kidogo tu, ukiusukuma kwa nguvu unapita, na ufunguo unachomoka palepale bila kuuliza. Taa ya nyuma ikawaka, nikaona na kile kibalbu cha mbele ndani ya kioo cha taa kubwa.

Na sasa naelewa kwa nini hakuna aliyeniambia. Kule kazini nailaza nyuma ikiwa imeelekea ukuta, na juu kuna taa kubwa ya ulinzi. Kibalbu cha wati 5 chini ya taa ile hakionekani hata ukisimama mbele yake.

Kwa hiyo dawa niliyopewa ya tatizo la kwanza ndiyo iliyoleta la pili. Simlaumu mwenzangu, pikipiki yake haina P.

Asante sana fundi. Bado swali la pili.

mwalimu_wa_gia

Binti yangu, mimi nimefundisha watu kuendesha kwa miaka mingi na kosa hili nimeliona kwa wanafunzi kuliko kosa lingine lolote la umeme. Chanzo chake ni kwamba mtu anazima injini kwa kitu kimoja na umeme kwa kitu kingine. Injini ikishanyamaza, mwili unajua safari imeisha. Hatua yoyote inayokuja baada ya kimya hicho itasahauliwa siku moja.

Basi geuza mpangilio. Zima injini kwa ufunguo, kila mara, bila kubagua. Gia iweke nyutro ukiwa bado umekaa, mkono uende kwenye ufunguo, injini inyamaze kwa sababu ya ufunguo. Stendi ifuate. Hapo haiwezekani injini izimike na umeme ubaki, kwa sababu ni kitendo kimoja. Swichi nyekundu iache kwa yale iliyotengenezewa: umeanguka, waya wa kuongeza mafuta umekwama, pikipiki inaunguruma haitaki kushuka. Lakini ijaribu mara moja kwa wiki ukiwa umesimama, ili siku ya shida usiikute imeshikana kwa kutu.

Nakuambia hivi kwa uchungu wa mtu aliyelipia. Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa ya zamani, ya kabla ya CDI, ile yenye pointi za kukata umeme ndani ya injini. Nilisahau ufunguo ON nikaingia kusali. Injini ilikuwa imesimama pointi zikiwa zimefungana, kwa hiyo umeme ukapita kwenye koili ya plagi bila kupumzika muda wote ule. Nilipotoka koili ilikuwa ya moto siwezi kuishika, na haikutoa cheche tena. Kwa wenye pikipiki za aina hiyo, kusahau ufunguo ni kupoteza koili pia.

Jambo la pili: huo ufunguo ulivyo peke yake ni mwepesi kusahaulika. Ufunge pamoja na kitu ambacho huwezi kuingia kazini bila nacho. Kama kabati lako la nguo za kazi lina ufunguo, vitie kwenye pete moja. Siku ukisahau, kabati litakurudisha nje ndani ya dakika tatu.

Zamu_ya_Usiku

Shikamoo mwalimu, na asante. Ufunguo wa kabati nimeshautia kwenye pete moja na wa pikipiki, ni wazo ambalo sikuwa nalo na limenigusa. Kuzima kwa ufunguo nimeanza leo. Mkono unakataa, unakwenda kulia wenyewe.

Ila pete haiwezi kunisaidia kwenye P. Kule ufunguo ninao.

Kisigino_Chini

Mwalimu namheshimu, lakini sikubaliani naye kwamba mazoea yanatosha. Mazoea ni mazuri siku ambayo umelala vizuri. Dada ametuambia wazi kwamba anatoka zamu hana akili ya ziada, na mara ya pili aliyokwama hakuzima kwa swichi yoyote, injini ilijifia. Mtu wa namna hiyo anahitaji pikipiki impigie kelele.

Mimi nimefunga kelele hiyo kwenye pikipiki mbili, yangu na ya mke wangu. Nitaeleza taratibu kwa sababu ni kazi ya mchana mmoja na vifaa vyake ni vya kawaida.

Unahitaji baza ya volti 12, kile kidude kinacholia pii pii kwenye pikipiki ambazo indiketa zake zina sauti. Inakula umeme kidogo mno. Unahitaji pia swichi ya breki ya nyuma, ile ya kuvutwa kwa springi inayowasha taa ya breki ukikanyaga pedeli. Ongeza fyuzi ya ampea 1 na kishikio chake, waya mwembamba mita mbili, na diodi mbili za 1N4007. Diodi nitazieleza.

Swichi ya breki ifunge kwenye fremu juu ya stendi ya pembeni kwa kipande cha bati, na springi yake uinasishe kwenye stendi. Stendi ikishuka inavuta springi, swichi inafunga njia. Ikipanda, springi inalegea, njia inakatika. Kazi ngumu ni hapa tu: tafuta mahali ambapo springi haibani mnyororo wala haigusi bomba la moshi, na stendi ikiwa juu springi isivutike hata kidogo. Mimi nilirudia kutoboa bati mara tatu.

Kwa umeme, waya mwekundu wa baza uupeleke kwenye waya wowote wenye umeme ufunguo ukiwa ON tu. Rahisi kufikika ni ule unaoingia kwenye swichi ya breki iliyopo tayari. Kwenye Honda nyingi waya huo ni mweusi na ithi (waya unaorudi kwenye fremu) ni ya kijani, lakini usiamini rangi, pima kwa mita. Weka fyuzi mwanzoni mwa njia. Waya mweusi wa baza uende kwenye ile swichi ya stendi, na upande wa pili wa swichi uende kwenye fremu, mahali palipokwanguliwa rangi.

Hivyo tu, baza inalia kila wakati ufunguo uko ON na stendi iko chini. Ukiendesha, kimya. Ukizima ufunguo, kimya. Ukisahau, inakufuata mpaka mlangoni.

Sasa diodi, vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kwa ajili ya P. Ufunguo ukiwa P ule waya wa ON hauna umeme, kwa hiyo baza haitajua. Waya wa taa ya nyuma ndio wenye umeme wakati huo. Leta waya mmoja kutoka taa ya nyuma na mmoja kutoka ON, kila mmoja upite kwenye diodi yake, kisha viungane kwenye mwekundu wa baza baada ya diodi, na fyuzi uihamishie hapo vinapoungana. Ule mstari mweupe kwenye diodi uelekee baza. Diodi zinazuia umeme wa ON usirudi kuwasha taa ya nyuma, na wa taa ya nyuma usirudi kuamsha pikipiki nzima. Usiziruke.

Kasoro zake ni mbili na ni za kweli. Ukipasha injini moto ukiwa kwenye stendi ya pembeni, italia muda wote. Na ukitumia stendi ya kati, haitalia kabisa hata ukisahau. Mke wangu hutumia ya kati akiwa na mzigo, na siku moja ilimpita hivyo hivyo.

Zamu_ya_Usiku

Kisigino, nimeisoma mara nne. Mimi nailaza kwa stendi ya pembeni siku zote, ya kati nzito kwangu.

Swali moja: pikipiki yangu tayari ina swichi kwenye stendi ya pembeni, ndiyo iliyozima injini siku ya mvua. Siwezi kuitumia hiyo nikaepuka bati na springi? Na kama sitaki P kabisa, fundi hawezi tu kukata waya wake?

fundi_waya

Kwa swichi ya stendi iliyopo, nakusihi usiiguse. Iko kwenye njia ya moto wa plagi. Ukichomeka kitu pale na kikaleta hitilafu, injini inaweza kukata ukiwa katikati ya barabara, na wewe unaendesha gizani umechoka. Weka ya pili, kila moja ifanye kazi yake bila kumtegemea mwenzake. Bati na springi vikifa, utakachopoteza ni kelele tu.

Kukata waya wa P nako kuna mtego. Kwenye swichi nyingi za ufunguo waya unaolisha taa ya nyuma kwenye P ndio uleule unaoilisha kwenye ON. Mtu akikata bila kupima, unaondoka asubuhi huna taa ya nyuma na hujui. Kama fundi wako atapima na kuona ni waya wa peke yake, akate na kuuziba vizuri. La sivyo, diodi za Kisigino ni salama zaidi.

Kuna kitu kidogo unachoweza kufanya leo bila fundi: weka balbu za LED kwenye taa ya nyuma na kile kitaa kidogo cha mbele. Zinakula sehemu ndogo ya wati 10 zile. P haitakuwa salama kwa wiki nzima, lakini zamu moja haitaua betri.

Na hakikisha chaja yako ya simu, kama unayo kwenye usukani, imeunganishwa baada ya swichi ya ufunguo. Nimefungua nyingi zimefungwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri na zinakunywa usiku na mchana, mwenye pikipiki anahangaika na ufunguo.

Zamu_ya_Usiku

Chaja ninayo. Imefungwa moja kwa moja kwenye betri, nimefuata waya kwa mkono sasa hivi. Nitaihamisha.

Ampea_Saba

Hakuna aliyegusa betri yenyewe, na mimi ndilo linalonisumbua kwenye uzi huu. Dada, mara ya mwisho uliichaji vipi, na baada ya muda gani?

Nauliza kwa sababu betri ya risasi na asidi haiumii sana kwa kuishiwa umeme. Inaumia kwa kukaa imeishiwa. Zile sahani zinafunikwa na salfeti, mwanzoni laini, ukichaji inayeyuka. Ikikaa siku kadhaa inageuka fuwele ngumu, na sehemu iliyofunikwa haifanyi kazi tena. Ah 7 zinabaki 4, stata inapiga vizuri asubuhi ya joto na kukataa asubuhi ya baridi.

Tena, kuendesha dakika 20 mpaka nyumbani si kuichaji. Koili za kuchaji za pikipiki ndogo zina umeme wa kutunza betri iliyojaa. Betri iliyokufa kabisa inazilemea, pamoja na regulata (kidude kinachodhibiti volti za chaji).

Zamu_ya_Usiku

Mara ya kwanza niliiwasha kwa nyaya kutoka betri ya gari la mwenzangu, nikaendesha kama hizo dakika 20 ulizosema, nikajua nimeichaji. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu ilikaa siku mbili ndipo nikaazima chaja.

Naona sasa.

Ampea_Saba

Bado usiikatie tamaa. Fanya hivi.

Itoe kwenye pikipiki. Kutoa, anza na hasi. Kurudisha, anza na chanya. Sababu ni kwamba spana ikigusa fremu ukiwa unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, unapata cheche kubwa mkononi.

Ichaji kwa sehemu moja ya kumi ya Ah zake, yaani ampea 0.7, usiku mzima na zaidi, kama saa 10 mpaka 14. Chaja ya gari yenye ampea 6 usiitumie, utaipika, na betri iliyozibwa huwezi kuirudishia maji yaliyochemka. Chaja nyingine za kisasa zikiona volti ziko chini sana zinakataa kuanza. Hilo halina maana kwamba betri imekufa, ni chaja tu haijaitambua.

Ukishatoa chaja, usipime papo hapo. Iache nusu siku ipumzike. Volti 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.1 au 12.2 ni nusu. Ikipumzika na kushuka chini ya 12.4 baada ya chaji kamili, sahani zimeharibika.

Mtihani wa mwisho ni stata: weka mita kwenye vichwa vya betri, bonyeza, tazama. Ikishuka 10 na kitu inavumilia. Ikianguka chini ya 9.5 nunua nyingine bila majuto. Na injini ikiwa inazunguka vizuri, mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa nje ya hapo, hata betri mpya haitadumu.

Siku nyingine ukiiwasha kwa betri ya gari, injini ya gari iwe imezimwa. Chanya kwa chanya, na hasi ya gari uibane kwenye chuma cha injini ya pikipiki, mbali na betri.

Zamu_ya_Usiku

Narudi baada ya wiki tano, nilimwahidi fundi_waya.

Betri ilichajiwa saa 13 kwa ampea 0.7. Ilipopumzika ilisoma 12.3, na stata ikaiangusha mpaka 9.1. Nimenunua mpya. Ile ya zamani sikuipeleka jalalani, nimemwachia muuza betri anayezirudisha kiwandani. Mita ikiwa kwenye betri mpya na injini inazunguka nasoma 14.2.

Chaja ya simu imehamishwa. Balbu za LED zimewekwa mbele na nyuma. Baza nilifungiwa na kijana mmoja fundi niliyemwonyesha maelezo ya Kisigino kama yalivyo, akatoboa bati mara mbili tu. Tulijaribu kila nafasi: ON na stendi chini, inalia. P na stendi chini, inalia. OFF na LOCK, kimya. Waya wa P hatukuukata, alipima akakuta ndio uleule unaolisha taa ya nyuma kwenye ON, kama fundi_waya alivyoonya.

Mkono wangu umejifunza kwenda kwenye ufunguo. Ilichukua kama siku kumi na mbili. Kuna jioni nilijikuta nimezima kwa swichi nyekundu tena, mgonjwa alikuwa ameletwa vibaya na wenzangu walikuwa wananiita kutoka mlangoni. Nilikuwa nimeshatembea hatua nne au tano baza ilipolia. Nilirudi nikazungusha ufunguo, nikaenda.

Mara nyingine ilikuwa P. Nilikuwa na hakika kabisa nimeweka LOCK, ningeapa. Ikalia nikiwa nimeshika ufunguo mkononi.

Nimepaka kitone cha rangi nyeupe ya kucha kwenye LOCK ili nikione gizani. Asubuhi ya leo, kabla ya kuiwasha kurudi nyumbani, nimepima kwa ajili yenu: 12.7.